Mita Kumi na Tano Chini ya Ghuba

12 Novemba 1994, Sumbawanga

Mvua ya kwanza leo, ya kulowesha vumbi tu. Polikarp alinikuta nasahihisha mitihani ya fizikia ya kidato cha pili. Tangu karakana ya shirika alikokuwa akifanya kazi ifungwe na apunguzwe kazini, mdogo wangu huyu amekuwa akichomelea watu mageti na vitanda, na kila akija kwangu huja na uso wa mtu anayeomba radhi. Leo uso huo haukuwapo.

“Dada, nimepata kazi ya kujenga nyumba.”

“Tangu lini ukawa mwashi?”

“Ni ya chuma. Itakaa chini ya ziwa, kule Kasanga, na watu wataishi ndani yake.”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

19 Novemba

Nimekwenda kumwona mwenye nyumba hiyo ya majini. Anaitwa Benjamini, lakini mtaani wanamwita Injinia. Ni mtu wa makamo, mwembamba, anaongea polepole kama anayeogopa kumwaga kitu. Alisoma miaka sita kwa Warusi, na huko, anasema, aliona kwa macho yake watu wakikaa wiki nzima chini ya bahari katika chumba cha chuma. Wanalala humo, wanakula humo, wanatoka kufanya kazi majini na kurudi. Alipokuja nyumbani aliajiriwa katika shirika la uvuvi. Shirika limekufa, yeye amebaki na fikra yake.

“Huku juu watu wanagombea ardhi mpaka wanakatana mapanga,” aliniambia. “Chini kule hakuna shamba la mtu. Iko siku watu watazaliwa kule, Mwalimu.”

Kampuni moja ya samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi wanaopelekwa Ulaya wakiwa hai, imemwambia aonyeshe watu wawili wakikaa chini siku kumi. Akifaulu, wataingia naye ubia. Siku hizi kila kitu ruksa.

Nyumba yenyewe ni tangi la mafuta alilolipata kwenye mnada wa mali za shirika. Polikarp amelikata tundu la kuingilia upande wa sakafu, na tundu halina mlango. Niliuliza maji yatazuiwa na nini. Benjamini akachukua glasi, akaifudikiza, akaididimiza kwenye ndoo. Maji hayakupanda ndani.

“Hili si unawafundisha watoto kila mwaka?”

Ni kweli, nafundisha. Nilirudi nyumbani na furaha ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nimeahidi kuwasaidia hesabu wakati wa likizo.

3 Desemba

Nilikwenda Mpui kumsaidia mama kupanda mahindi. Nilipomweleza habari za Polikarp aliacha jembe. “Silvana nimezaa mtoto wa kiume mmoja,” alisema, akijitaja jina kama afanyavyo akikasirika. “Mwambie hivyo huyo mtu wenu.” Akalichukua tena jembe, akanitangulia hadi tulipomaliza mistari yote.

10 Desemba

Mvua kutwa. Hakuna jipya.

14 Desemba, Kasanga

Shule imefungwa. Tumeshuka na lori, tangi limefungwa minyororo nyuma, mvua tangu Matai. Kwenye mteremko lori liliserereka mpaka gurudumu la nyuma likabaki hewani. Tuliruka wote tukasimama kwenye tope. Benjamini alibaki ndani, kitabu chake cha Kirusi kifuani, mpaka dereva alipolirudisha barabarani. Sikujua nimsifu au nimwonee huruma.

Kambi iko kwenye ghuba ndogo kusini ya bandari. Hapa nimemkuta mtu wa pili atakayekaa chini pamoja na Polikarp. Anaitwa Masunga, Msukuma wa upande wa Magu, mwogeleaji hodari, aliyehamia bonde la Rukwa na mifugo yake.

“Nilikuja na ng’ombe sitini,” alisema. “Kila nilipofika niliambiwa hapa si kwenu. Sasa sina hata ndama. Chini kule nani ataniambia si kwetu?”

Alicheka sana. Mkewe, Minza, alikuwa akimnyonyesha mtoto pembeni. Yeye hakutabasamu.

20 Desemba

Benjamini amenisomea kitabu chake, akitafsiri, nami nikiandika. Nimeelewa jambo ambalo afadhali ningelielewa Sumbawanga.

Kwenye kina cha mita kumi na tano, tangi litakapokaa, mgandamizo ni mkubwa, na mwili hunyonya hewa kama soda ilivyo na gesi. Chupa ya soda ukiifungua taratibu, haina neno. Ukiifungua ghafla, inafoka. Mtu aliyekaa chini siku moja au zaidi akipanda ghafla, mapovu yanamfoka ndani ya damu na ndani ya uti wa mgongo. Kwa hiyo siku ya kurudi hawataogelea kuja juu. Tangi litavutwa kwa winchi, wao wakiwa ndani, mita moja kila baada ya saa mbili.

“Na mtu akipanda ghafla?”

“Anarudishwa chini upesi, mapovu yasinyae, kisha anapandishwa pole pole. Hakuna dawa nyingine.”

“Polikarp na Masunga wanajua?”

“Wanajua kwamba hairuhusiwi kuogelea juu.”

“Wanajua kwa nini?”

Alifunga kitabu. “Mtu mwenye hofu hakai siku kumi, Mwalimu.”

Jioni nilimweleza Polikarp yote. Masunga sikumweleza. Nilidhani Polikarp atamwambia.

25 Desemba

Misa bandarini. Niliombea tangi, jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitafanya.

27 Desemba

Wameshuka leo saa nne asubuhi. Tangi linaning’inia kwa minyororo chini ya chelezo cha mapipa, limepakiwa mawe ya kulizamisha, karibu kugusa sakafu ya ziwa. Injini na kompresa ya kusukuma hewa viko juu ya mawe ufukweni, na mpira mrefu unapeleka hewa chini. Barakoa za kuzamia zipo mbili, zenye mipira yake. Mawasiliano ni kibao cha mbao na penseli nene, kinachopandishwa kwa kamba asubuhi na jioni.

Mzee Zenon, mwenye mtumbwi tunaoutumia, alinipeleka hadi kwenye chelezo. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa akitazama mapovu.

“Binti yangu,” alisema, “nimeokota watu wengi ziwani humu. Wote walizama bila kukusudia.”

Kibao cha jioni, mwandiko wa Polikarp: *Wazima wote wawili. Pakavu. Samaki wanatuchungulia.*

28 Desemba

*Wazima wote wawili. Ugali umeiva kwa shida lakini umeiva.*

Benjamini alikumbatia kibao. Nami, nisiseme uongo, nilifurahi kama yeye. Kuna watu wanaoishi chini ya maji, na mmoja ni mdogo wangu.

29 Desemba

*Wazima wote wawili.* Minza huja kwenye chelezo kila kibao kinapopanda. Hajui kusoma, ananiomba nimsomee mara mbili.

30 Desemba

*Wazima wote wawili.* Wavuvi wamehamisha mitumbwi yao kutoka ghuba hii. Hawakugomba. Asubuhi hapakuwa na mtumbwi hata mmoja ila wa Mzee Zenon.

31 Desemba

Upepo umegeuka. Ulikuwa ukitoka nchi kavu kwenda ziwani, sasa unatoka ziwani, na unaleta mvua nzito ya chini chini. Moshi wa injini haupandi tena, unatambaa juu ya mawe.

*Wazima. Masunga kichwa kinamuuma kidogo.*

1 Januari 1995

*Vichwa vinauma wote. Usingizi mwingi.*

Nilimwambia Benjamini tuanze kuwapandisha leo. Alisema ni upweke, ni sikukuu, mtu akikumbuka nyumbani kichwa humuuma. Wageni wa kampuni wanafika tarehe tano. “Siku nne, Mwalimu. Nimesubiri miaka kumi na moja, unaninyima siku nne?”

Huyu ni mtu niliyemheshimu kwa sababu hakuwa tapeli. Leo natamani angekuwa tapeli. Tapeli angeogopa.

2 Januari

Naandika mchana, nimekaa kando ya injini, mkono mmoja juu yake kana kwamba ni mnyama anayeweza kutoroka. Naandika yote yaliyotokea leo.

Kibao cha asubuhi kilichelewa. Kilipopanda, mwandiko haukuwa wa Polikarp ninayemjua. Ulikuwa wa mtoto wa darasa la kwanza, herufi nyingine zimegeuka. *Masunga anatapika. Tangi linazunguka.* Minza alikuwa kando yangu. Nilimsomea, “Wazima,” kisha nikaruka naye kwenye mtumbwi.

Nilipofika ufukweni nilienda moja kwa moja kwenye injini. Mvua ilikuwa imeulaza moshi, na moshi ulikuwa unakwenda, kama aliyeelekezwa, mpaka kwenye mdomo wa bomba linalonyonya hewa. Tangu upepo ugeuke. Siku tatu tumekuwa tukiwapelekea moshi, na mimi, mwalimu wa fizikia, nilikuwa nikiuangalia ukitambaa juu ya mawe na kuuandika humu kana kwamba ni habari za hali ya hewa.

Bomba lilitakiwa kuhamishiwa juu ya mwamba, upande wa upepo. Haliwezi kufunguliwa injini ikiwa inakwenda. Benjamini alikuwa kwenye chelezo, hasikii. Nikazima injini.

Ilikuwa dakika kumi tu. Hewa iliyomo ndani ya tangi ingewatosha zaidi ya saa nzima, hesabu hiyo niliijua. Lakini niliijua mimi. Wao chini, vichwa vikiwaka, walichosikia ni ule mvumo wa hewa wa siku saba ukikatika.

Nilikuwa nimeshafunga bomba mahali papya na kuwasha tena nilipomsikia Minza akipiga kigelegele. Masunga alikuwa ameibuka. Aliogelea mwenyewe mpaka ufukweni, akatoka kwa miguu yake, akamshika mtoto. “Nimelewa kama niliyekunywa pipa,” alisema. Wote walicheka. Mimi nilitazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

Saa tatu na nusu alisema mabega yanamuuma. Saa nne kasorobo aliomba akae. Kisha akajaribu kusimama, akatazama miguu yake, akaipiga kofi mmoja baada ya mwingine.

“Minza,” alisema, “miguu yangu iko wapi?”

Benjamini alikuwa amefika, amesimama mdomo wazi. Nikamwambia, “Kitabu kinasema nini?” Sikumsubiri. “Kinasema arudishwe chini. Sema, ulinisomea wewe.”

“Ndivyo kinavyosema,” alijibu kwa sauti ndogo.

Minza alisimama kati yetu na mumewe. “Arudishwe wapi?”

“Ndani ya tangi,” nikasema. “Sasa hivi. Ana mapovu ndani ya uti wa mgongo. Chini yatasinyaa, tutampandisha taratibu na Polikarp. Tukichelewa hatatembea tena, au atakufa.”

“Maji yamemla miguu, na wewe unataka nimrudishe yammalizie?”

“Ndiyo, nataka arudi.”

“Nani alizima mashine?”

Watu wote walinigeukia.

“Mimi,” nikasema. “Nilizima ili wasivute moshi. Sikufikiria kwamba wataogopa. Na nilijua tangu mwezi uliopita kwamba mtu hatakiwi kupanda ghafla, na kwa nini, na mumeo sikumwambia.”

Alinisogelea. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari.

“Angekuwa ndugu yako?”

“Ndugu yangu yumo humo sasa hivi, anaumwa kichwa, na sitamtoa hata ukinichoma kisu. Atatoka kesho kutwa.”

Minza akapiga magoti, akamuuliza Masunga kitu kwa Kisukuma. Masunga alijibu neno moja. Minza akainuka. “Mpelekeni,” alisema. “Mimi sitaki kuona.” Lakini alibaki akiona.

Mgonjwa asiye na miguu hawezi kushuka peke yake. Kwenye mtumbwi wa Mzee Zenon tulimvika Masunga barakoa moja, Benjamini akavaa ya pili. Hapo ndipo nilipogundua, kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa ikihangaika na mikanda, kwamba mtu huyu hajawahi kushuka hata mara moja. Miaka kumi na moja anawaambia watu wakaishi chini, na mwenyewe hajawahi kuzidi kifua.

“Naweza kwenda mimi,” nikamwambia.

“Hapana. Juu anatakiwa mtu anayejua hesabu.” Akanikabidhi kitabu, ambacho siwezi kukisoma, akamkumbatia Masunga kwa nyuma, na Mzee Zenon akawaachia na jiwe la kuwazamisha.

Kibao kilipanda baada ya nusu saa. Mwandiko wa Benjamini: *Tumefika. Hewa safi. Polikarp analia kwa furaha.* Saa nane kikapanda tena: *Vidole vya mguu wa kulia vinacheza.* Nilimsomea Minza mara mbili. Mara ya tatu aliniomba nimwonyeshe neno *vidole* liko wapi, akaliwekea kidole chake.

3 Januari

Tumeanza saa kumi na mbili asubuhi. Mita kumi na nne. Kumi na tatu. Mzee Zenon na wanawe wawili kwenye winchi, mimi na saa. Mvua haijakata. Dizeli imebaki madebe matatu. Kila upepo unapoyumba naenda kunusa bomba.

Saa nne, kumi na mbili na nusu. Winchi ilikwama, tukaacha pale. Saa sita, kumi na mbili.

Minza amekaa nami. Ameniletea uji.

4 Januari

Tangi limeibuka saa nane mchana, kijani kwa mwani, likivuja. Polikarp alitoka kwanza, akajifunika macho. Benjamini wa pili. Masunga walimtoa kwa mikono, lakini ufukweni alikataa kubebwa. Alisimama. Mguu wa kulia ni mzima. Wa kushoto anauburuta kama kitu cha mtu mwingine. Minza alimfunika na kanga yake, kisha akanijia, akanishika mkono kwa mikono miwili, akarudi kwa mumewe.

Nililala kwenye mawe, mvua ikininyeshea.

5 Januari

Wageni wa kampuni wamefika kwa boti, wanaume wawili, wenye viatu vizuri. Nilimsubiri Benjamini adanganye. Hakudanganya. Aliwaambia ni siku tisa, si kumi. Akawaambia habari ya moshi, ya Masunga kupanda, na ya kumrudisha.

Mmoja akainama mbele. “Subirini. Alipooza, mkamrudisha chini, akapona?”

“Mguu mmoja,” nikasema.

“Hospitali gani ingempa hata huo mguu mmoja?” Akamgeukia mwenzake. “Umesikia? Hata ajali ina tiba yake humo humo. Hofu yetu yote ilikuwa hiyo. Basi tunaweza kwenda arobaini, kule kwenye samaki wanaotakiwa.”

Benjamini alinitazama kwa macho ya shukrani. Nimeyaona macho ya namna hiyo kwa mwanafunzi niliyemvujishia jibu bila kujua.

“Mita arobaini si kumi na tano,” nilisema. Wakaniitikia kwa adabu, wakaomba kupiga picha tangi.

16 Januari, Sumbawanga

Shule imefunguliwa. Ukungu mpaka saa tatu asubuhi. Polikarp amepita kuaga. Anakwenda Wampembe kuchomelea tangi la pili la kampuni. Anasema yeye ni kuchomelea tu. Nilimwuliza kama amesahau. Akasema, “Sijasahau, Dada. Lakini kulikuwa na asubuhi moja, kabla ya moshi, jua lilishuka mpaka kwetu. Sikuwahi kuona kitu kama kile.” Nilimwandikia ofisa wa wilaya barua. Sijajibiwa.

21 Januari

Mvua. Nimemwandikia tena.

26 Januari

Leo katika kipindi cha tatu nimeitwa ofisi ya walimu. Minza alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, matope hadi magotini.

“Masunga amekubali kushuka na tangi la Wampembe,” alisema. “Mguu unamuuma usiku na mchana, hawezi kulima, hawezi kuchunga. Anasema atakaa kule chini moja kwa moja. Nikimkataza ananiambia Mwalimu mwenyewe alisema dawa iko chini.”

“Sikusema hivyo.”

“Ulisema. Nilikuwepo.”

Kweli, nilisema. Sentensi ile ilikuwa ya kweli saa nne asubuhi tarehe mbili Januari, kwa mtu mmoja, kwa saa chache. Sasa inatembea yenyewe mwambao mzima.

“Wanashusha lini?”

“Jumamosi. Mita arobaini. Mtu akitoka humo ghafla, mtamrudisha tena?”

“Hatafika juu akiwa hai, Minza. Wa kurudishwa hatakuwapo. Na mguu ule umeshapona kiasi cha kupona, kushuka tena hakutaupa kitu.”

“Basi njoo umwambie hivyo hivyo. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Wewe anakusikia.”

Mkuu wa shule alisema siwezi kuondoka katikati ya wiki, mitihani ya majaribio iko mlangoni. Nikamwambia anikate mshahara au aniandikie barua ya onyo, vyovyote. Lori la mahindi linakwenda Namanyere saa nane. Kutoka Namanyere kwenda Wampembe njia imekatika kwa mvua, tutashuka kwa miguu, na mvua hii haina dalili ya kukoma. Leo ni Alhamisi. Nimebeba daftari la hesabu, ingawa nadhani nitakachohitaji ni sauti.

Minza ameshajifunga kanga upya na amesimama mlangoni. Anasema nikiendelea kuandika tutaachwa.